Dawa ya Jino

Ferista alikuwa mwanamke wa kushukuru. Ukimpa mkungu wa ndizi alishukuru, ukimpa ndizi moja alishukuru vilevile, na ukimnyima alishukuru kwamba umemwambia mapema. Watu wa kijiji chake, kule kata ya Isansa, wilayani Mbozi, walizoea kumsikia akitaja baraka zake kwa sauti huku akichuma kahawa. Lakini ilikuwepo shukrani moja ambayo wageni wakiisikia walidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Kila ulipofika mwezi wa saba, Ferista alimshukuru Mungu kwa sheria ya kupiga marufuku sigara. Sheria yenyewe haikupita.

Ili uelewe, lazima nikurudishe mwaka 1998, na kabla ya hapo sina budi kukuingiza ndani ya mdomo wake.

Sigara alifundishwa na bibi yake mzaa mama, kabla hajaolewa. Bibi huyo alivuta kama walivyovuta wanawake wengi wa rika lake, kichwa chenye moto kikiwa ndani ya mdomo na mwisho wa baridi ukiwa nje. Usitoe macho, wako wanaovuta hivyo hata sasa. Mikono ya mwanamke ina kazi, bibi alieleza, na ukivuta kama wanaume jembe utalishika na nini? Moto ukiwa ndani mvua haiuzimi, upepo hauupepei, na majivu hayadondokei kwenye unga. Unachotakiwa ni kuufundisha ulimi kukaa nyuma na kulilowesha kaakaa kwa mate. Unaungua wiki mbili, ya tatu umekuwa fundi.

Ilikuwepo faida nyingine ambayo bibi hakuitaja kwa kuwa yeye hakuihitaji. Moto ukiwa ndani hauonekani.

Ferista aliihitaji faida hiyo. Aliolewa na Zabron, mkulima mpole asiyegusa pombe wala tumbaku, na baada ya miaka michache Zabron akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Sasa mke wa mzee wa kanisa avute sigara, watu wamweke wapi? Akaificha. Alivuta upande wa bondeni, katikati ya mibuni. Alivuta akitoka kuteka maji, ndoo kichwani, upindo wa kitenge ukiwa umefunika mdomo kana kwamba anajikinga na baridi. Na baridi ya Mbozi ni rafiki mkubwa wa wenye siri, kwa sababu kuanzia mwezi wa sita kila mwanamke amejifunika mpaka puani na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Hakuwa peke yake. Kijijini walikuwepo wanawake kumi na mmoja wa namna hiyo, na walijuana. Mkubwa wao alikuwa Ikupa, mwanamke mwembamba, mchangamfu, ambaye mumewe alivuta waziwazi kama wanaume wengine. Sigara walizipata kwa Tabita, mama mmoja aliyekwenda Tunduma kila wiki kuleta chumvi na mitumba. Hakuna aliyezitaja kwa jina. Ulifika kwenye genge la Tabita, ukalishika shavu kidogo, ukaomba dawa ya jino. Tabita aliuliza jino moja au mawili. Ukijibu mawili, alikufungia sigara mbili kwenye karatasi pamoja na chumvi yako. Wanaume waliokuwa wakipita waliwahurumia wake zao kwa meno mabovu.

Basi hilo jina, dawa ya jino, nusura limuue Ferista. Jina likisemwa miaka thelathini huacha kuwa utani. Mwezi wa nne mwaka huo kaakaa lake lilianza kuuma. Likatokea doa jeupe, gumu kama ukoko wa ugali, na katikati ya doa kikafunguka kidonda. Uji wa moto ukawa adui yake, pilipili ndiyo usiitaje kabisa. Naye akafanya walichofanya wenzake wote mdomo ulipowauma. Alikwenda kwa Tabita kuongeza dawa. Moshi ulikitia kidonda ganzi kwa muda, maumivu yakatulia, naye akaamini kwamba anapona. Kutoka mbili kwa siku akafika sita, na kidonda kikazidi kupanuka. Alikuja kustuka mwezi wa sita, siku alipotema mate akaona damu, akaelewa kwamba anakilisha kidonda kile kinachokikuza.

Kuelewa ni jambo moja, kusema ni lingine. Aende wapi na mdomo ule? Yeyote wa hospitali angeuliza kwanza umeungua na nini. Jibu lingefika kanisani kabla yeye hajafika nyumbani, na Zabron angevuliwa uzee wa kanisa kwa ajili yake. Kila mwezi muuguzi Jenista alipanda kutoka zahanati kuja kupima watoto uzito. Ferista alimpeleka mjukuu wake, akasimama hatua mbili kutoka kwa mtu pekee aliyeweza kumsaidia, akajibu maswali yote kwa kutikisa kichwa. Jenista alimwona kama mama mwenye haya.

Wakati huohuo mwenyekiti mpya wa kijiji, Boazi, alikuwa na lake moyoni. Boazi alikuwa mtoto wa Ikupa, kifungua mimba wake. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa kifua, baada ya kukohoa miaka miwili, na Boazi ndiye aliyembeba mgongoni kila asubuhi kumtoa nje aote jua. Aliapa kwamba sigara haitaingia tena kijijini akiwa hai. Wengine walimcheka. Mimi simcheki. Mtu aliyembeba baba yake mgongoni, akamkuta mwepesi kuliko debe la mahindi, ana haki ya kuichukia sigara kuliko wewe na mimi.

Akaandika sheria ndogo ya kijiji. Ni marufuku kuvuta, kuuza au kuweka sigara ndani ya mipaka ya kijiji, na atakayekamatwa atalima barabara wiki nzima, jina lake likiwa limebandikwa ukutani ofisini. Ferista aliposikia habari ya majina ukutani hakulala. Sheria ikipita, alijiambia, hata hiyo njia finyu ya kumnong'oneza Jenista itakuwa imezibwa, kwa sababu kukiri ugonjwa kutakuwa ni kukiri kosa. Atakufa na mdomo umefungwa, na watu watasema alikuwa mtakatifu.

Mkutano ulipangwa siku ya kupima watoto, mwezi wa saba, ili wanawake wafike kwa wingi. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya kibaraza cha ofisi ya kijiji, Jenista akawa anapima upande mmoja, na siasa zikaendelea upande wa pili.

Wanaume walibishana vilivyo. Abrahamu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila sigara sikioni, alisema mapafu ni yake na hakumkopa mtu. Mwingine akataka kujua kwa nini pombe ihurumiwe. Mzee mmoja aliuliza kwa wasiwasi wa kweli kama ugoro nao umo, maana yeye hutumia pua, na sheria imesema kuvuta. Boazi alimjibu kila mmoja kwa subira. Lakini kila alipojibu mmoja walisimama wawili, na mwishowe akapiga meza. Akasema wavutaji hawawezi kuihukumu kesi yao wenyewe. Kwa kuwa hakuna mwanamke wa kijiji hiki aliyewahi kuvuta sigara, wanawake peke yao ndio watakaopiga kura. Akamnyooshea mkono mama yake aliyekaa benchi la mbele, akasema mama huyu alivumilia moshi wa mwanaume miaka arobaini wala hajawahi kuigusa sigara hata kwa kidole. Ikupa akatazama miguu yake.

Kisha Boazi akamwomba Mama Ombeni, mke wa mzee wa kanisa, asimame awasemee wanawake. Mama Ombeni ndiye Ferista, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Ferista wakati ule alikuwa na moto mdomoni. Kwa hofu ya mkutano alikuwa amewasha nyuma ya ofisi kabla ya kuja kukaa, na kilibaki kipande kifupi kama ukucha, kimefunikwa na midomo na kitenge. Kukizima haikuwa kazi. Alijua kukizima kwa mate na kukimeza, alishafanya hivyo mara nyingi mbele ya mchungaji. Akasimama. Akawatazama wenzake kumi, waliotawanyika kati ya akina mama wenye watoto, kila mmoja amejifunika kitenge, na akaona mikono yao imeshaanza kujiandaa kunyanyuka. Wangepiga kura ya ndiyo. Wangefanya nini kingine? Wangeipitisha sheria ile kwa mikono miwili, kisha wakaenda bondeni kuvuta kwa woga mara mbili zaidi. Na kidonda kilikuwa kinawaka.

Ferista akashusha kitenge. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kile kipande, akakinyanyua. Kilikuwa bado kinafuka.

Watu wa nyuma wakasimama ili waone. Hata watoto waliokuwa wakililia mizani waligeuka kutazama, au ndivyo wasemavyo waliokuwepo.

"Mwenyekiti, mwanangu," akasema, "baba yako alivutia nje, ukamwona, ukamlilia. Mimi nimevutia ndani miaka thelathini na moja. Kanisani ni marufuku, nyumbani kwangu ni marufuku, na hata mimi mwenyewe nimejipiga marufuku kila Jumapili. Marufuku haikunifundisha kuacha. Imenifundisha kufumba mdomo. Sasa humu ndani mna kidonda, kina miezi mitatu, na nilikuwa nimekubali kufa nacho kuliko kukionyesha. Ukitunga hiyo sheria tutaitii wote hivi nilivyoitii mimi."

Boazi aliiacha meza, akasogea hatua moja. Aliuliza kama wako wanawake wengine, na ni akina nani. Swali halikuwa la ukorofi, lilimtoka tu. Ferista alimtazama machoni, hakugeuza kichwa kulia wala kushoto, na hasa hakutazama benchi la mbele.

"Mimi nimejisema mwenyewe," akajibu. "Wengine wana midomo yao."

Hapo ndipo Jenista alipovuka kibaraza. Alikuja mbio, akamwacha mtoto wa watu ananing'inia kwenye mizani, mpaka mama yake akamtoa. Hakuuliza umeungua na nini. Alimshika Ferista kidevu, akamgeuza alielekee jua, akamwambia afungue. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia polepole kwamba kesho aende hospitali ya misheni, asingoje keshokutwa, naye atamwandikia barua usiku huohuo. Kura haikupigwa. Watu walitawanyika wakizungumza chinichini, na Abrahamu alionekana akiitoa sigara sikioni na kuitazama.

Sasa Ferista ilibidi arudi nyumbani kwa mumewe. Zabron hakuwepo mkutanini, alikuwa anaanika kahawa, lakini habari kama ile haingoji mtu aifuate. Alimkuta anageuza kahawa kwenye meza ya kuanikia, mgongo kwake. Ferista alisimama na maneno yake yote ya kuomba msamaha aliyoyapanga njiani.

Zabron ndiye aliyeanza. Alisema amejua tangu mwaka wa pili wa ndoa yao, kwa sababu hakuna mume asiyejua harufu ya mdomo wa mke wake.

"Nilijiambia nakustahi," akasema. "Uongo, Mama Ombeni. Nilikuwa naustahi uzee wangu wa kanisa. Ningesema miaka ile, labda ungeacha, na kidonda kisingekuwepo. Nisamehe."

Alikuja kuomba msamaha, akaombwa. Kwa miaka mingi baadaye Ferista alikuwa akisema kwamba siku ile alipewa vitu vingi mno kwa mpigo mmoja, na kwamba kama angepewa kimoja tu, hicho cha mumewe kumwambia kweli, kingemtosha. Waliigeuza kahawa pamoja mpaka jua likapungua.

Asubuhi Zabron alimpakia kwenye baiskeli. Hospitalini walikata kipande kidogo cha kidonda na kukipeleka Mbeya kikaangaliwe, na majuma yale ya kusubiri Ferista aliyapitisha bila sigara hata moja. Usidhani ilikuwa rahisi. Alitetemeka, alimgombeza kila mtu, siku ya nne aligombana na jogoo. Zabron alimchomea mahindi, akayaacha yapoe, akampukuchulia punje kwa punje ili mdomo upate kazi. Majibu yaliporudi, daktari alisema kidonda hakijawa saratani, ila kilikuwa kimeshika njia hiyo na hakikuwa mbali. Walikitoa chote. Mtu akichelewa mpaka mavuno yaishe, daktari alisema, namna hiyo huwa hatuna la kufanya.

Siku Zabron alipokwenda kwa mchungaji kuuacha uzee wake, mchungaji alimkatalia, akaja mwenyewe nyumbani kwao, akanywa uji na kuomba nao. Jumapili Ferista alikaa palepale alipokuwa akikaa siku zote. Alitoa sadaka ya shukrani, kuku wawili na tenga la parachichi, na waliosema kwamba mke wa mzee wa kanisa hana aibu aliwashukuru nao, kwa kuwa ni kweli, aibu ilikuwa imemwisha.

Sheria? Ilirudi mkutanini mwezi wa tisa, na Boazi ndiye aliyeifuta kwa kalamu yake. Ikabaki mistari miwili: mtu asivute ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga wala kwenye ghala la kahawa, na mtoto asiuziwe sigara wala kutumwa kuinunua. Baadaye serikali nayo ilitunga sheria yake ya tumbaku, na hata leo wako wasomi wanaosema ingepigwa marufuku kabisa tukamaliza mchezo. Huenda wana hoja. Mimi sina ugomvi nao, ila ningependa kabla ya kunyoosha mkono kila mmoja wao amtazame kwanza mama yake.

Nimeruka kitu, ngoja nirudi nyuma kidogo, mwezi wa nane, siku ya kupima watoto. Ferista alikuwa amemwomba Jenista atumie jiko lake, ile nyumba ndogo ya majani nyuma ya nyumba kubwa, kuwaangalia wanawake wengine midomo, kwa sababu ofisini hakuna ambaye angekwenda. Wakaja mmojammoja, kila mmoja na kisingizio, huyu anaazima ungo, huyu anaomba moto. Mpaka saa nane walikuwa wamekuja tisa. Saba walikutwa hawana neno, wawili waliandikiwa barua. Aliyebaki ni Ikupa. Ferista alianza kupoteza matumaini, na ndani ya moyo wake alikuwa akijilaumu kwamba labda angemtaja siku ile, angalau angelazimika kuja.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Boazi, amemshika mama yake kiwiko.

Nikwambie mapema usije ukawa na wasiwasi, Ikupa aliishi miaka mingine tisa na akawazika wawili waliomtabiria kifo. Lakini pale mlangoni hakuna aliyejua hilo. Boazi alikuwa na macho mekundu. Alieleza kwamba mama amemwambia mwenyewe jana, walipokuwa wakila. Ikupa alikuwa amengoja mwezi mzima kusikia jina lake kutoka kwa mtu mwingine, na lilipokosa kuja, akaona ni yeye anayepaswa kulisema. Pakiti za marehemu hazikuwa za marehemu peke yake. Kila jioni mzee yule alitoa zake, akamwekea mkewe mbili chini ya kinu.

"Ungemtaja mbele ya watu," Boazi akamwambia Ferista, "ningemkana, na asingeniambia kitu tena mpaka namzika. Asante, mama."

Ferista alitaka kumjibu kwamba ni yeye anayeshukuru, kwa ule mkutano aliouitisha akitaka lingine kabisa, lakini akaishia kumvutia Ikupa kigoda. Jikoni mlikuwa na giza. Jenista alisema anahitaji mwanga. Boazi akatoa tochi kwenye koti, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuiwasha.

Ikupa akashusha kitenge, akakikunja vizuri na kukiweka mapajani. Akafungua mdomo, kisha akaufunga tena kidogo.

"Ishike vizuri, baba," akasema. "Mkono unakutetemeka."

Boazi akaishika kwa mikono miwili, na mama yake akafungua.